Krismasi Yangu Kisimani Namba Saba

Siku mliyoniaga mlinipa blanketi. Blanketi, Garissa! Nilicheka hadi nikashika meza, lakini nililipokea kwa mikono miwili, na sasa najifunika hapa Mwingi, ambako usiku kuna kabaridi kidogo, kwa hiyo msijutie mchango wenu. Pamoja na blanketi mlinipa kazi: niandike machache kuhusu miaka yangu ya visima, ili wanaoanza wasianzie sifuri. Nimeahirisha wiki tatu. Leo nimekosa kisingizio.

Vyeo sitavigusa. Mshahara nao mnaujua, ni huo huo mnaoulalamikia. Nitawaambia yale ambayo hayamo kwenye faili.

Siku yangu ya kwanza Garissa, karani wa idara ya maji alinitazama mara moja, msichana wa Mwingi mwenye rinda la bluu, akanionyesha meza yenye taipureta na kuniambia kuwa barua za asubuhi zinaningoja. Nilikaa. Nilipiga barua mbili kamili, si kwa utiifu bali kwa sababu nilitaka kujua watu wa idara huandikiana nini. Barua ya tatu ilisema kwamba fundi mpya wa pampu anatarajiwa kuripoti leo, na jina lililoandikwa hapo lilikuwa langu. Nikaichomoa kwenye mashine, nikaenda nayo karakana. Udadisi umenipotezea muda mwingi maishani, ila siku hiyo ulinifikisha kazini.

Karakana ilikuwa chini ya Mzee Salat, fundi mkuu, mtu mrefu mwenye ndevu za hina. Alisoma barua yangu, akaniuliza swali moja tu: "Wewe unaona haya kuuliza?" Nikamwambia la. "Basi utakaa," akasema, na hayo ndiyo mahojiano yangu yote. Ni yeye aliyenifundisha kulaza sikio kwenye bomba na kusikia kama pampu inanyonya maji au inanyonya hewa. Ninyi sasa mna vipimo vya umeme na simu za kupiga picha. Ni vizuri. Laza sikio hata hivyo.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuwa na mchezo nayo, ya klempu mbili. Kwa asiyejua, klempu ni vipande viwili vya chuma vinavyolikumbatia bomba la kisima na kukazwa kwa boliti nne. Ukitaka kung'oa pampu iliyo mita mia moja chini ya ardhi, unavuta bomba moja baada ya jingine kwa cheni, na kila unapofungua bomba la juu, uzito wote wa yaliyobaki unaning'inia kwenye klempu mdomoni mwa kisima. Mzee Salat alitaka ya pili ifungwe chini ya ya kwanza, kila bomba, kila mara. Hiyo ya pili haifanyi kazi yoyote. Inangoja tu ya kwanza ishindwe. Nilimuuliza ameona ngapi zikishindwa. Akasema moja, na hakutaka kuizungumzia, jambo ambalo lilinisumbua mwezi mzima.

Kitu kingine nilichokikuta karakana na ambacho sijapata kujua kilianzaje ni ile desturi ya Desemba. Mnaijua, mmeikuta pia. Katikati ya Novemba, bila amri ya ofisi yoyote, Mzee Salat aliibandua ratiba ya zamu ukutani na kuandika nyingine kwa mkono. Waislamu wote walishika zamu za Krismasi hadi mwaka mpya, nasi Wakristo tukaambiwa tufunge mizigo. "Nendeni Kenya," alisema, kama wazee wengi wa huko wasemavyo, utadhani Garissa iko nchi nyingine. "Mkirudi mtatushikia Idd." Na tuliwashikia. Kila nilipopanda gari la kwenda nyumbani, alinipa kifurushi cha tende nimpelekee mama. Nilimuuliza nani aliyeanzisha mpango huo. Akasema hajui, naye aliukuta. Nikawauliza waliomtangulia, wakasema waliukuta. Nimestaafu bila jibu.

Sasa niwaeleze Krismasi moja ambayo sikwenda Kenya.

Ni miaka michache iliyopita. Mvua za Oktoba hadi Desemba zilikuwa zimetupita, mawingu yalikuja kutusalimia tu na kuondoka. Nilikuwa nimekosa Krismasi tatu za nyumbani mfululizo kwa sababu ya ukame, kwa hiari yangu mwenyewe, maana sasa fundi mkuu nilikuwa mimi, na fundi mkuu akienda likizo kisima hakimngoji. Mama yangu, ambaye amepita miaka themanini, alikuwa ameacha kuniuliza nitakuja lini. Sasa alikuwa akiniuliza kama nitakuja. Nilimwahidi kwamba mwaka huo nitakula naye chapati tarehe ishirini na tano, mvua inyeshe isinyeshe.

Tarehe ishirini na mbili nilikuwa Griftu na dereva wangu, Bishar, tumemaliza kazi, mzigo wangu uko kwenye lori, tiketi ya basi la kutoka Wajir iko kwenye pochi. Simu ikaja. Pampu ya Namba Saba imekufa. Namba Saba ni kijiji kidogo magharibi ya Griftu, ambacho watu hukiita kwa nambari ya kisima chake kwa sababu bila kisima hicho hakuna kijiji. Nikapiga hesabu: tung'oe pampu iliyoungua, tushushe nyingine tuliyonayo kwenye lori, jioni niko Wajir. Inawezekana kama kila kitu kitakwenda haraka.

Tulipofika saa tatu asubuhi, mtunza pampu, Mzee Dekow, alikuwa ameshakusanya wanaume wa kuvuta cheni. Kando ya mabirika ya kunyweshea walikuwa ng'ombe tisa, mbavu nje, vichwa chini. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa umri wangu aitwaye Ebla, mjane, wanawe wote wawili wakiwa Nairobi. Alikuwa ametembea na ng'ombe hao siku mbili kutoka malishoni kurudi hapa kijijini kwake, akijua kuna maji. Kisima kingine kilikuwa mwendo wa siku moja na nusu, na wafugaji wengine walikuwa wameshaondoka kwenda huko. Ng'ombe wa Ebla hawangefika. Ilionekana kwa macho, haikuhitaji daktari wa mifugo.

"Abaayo," aliniambia, yaani dada, na kwa lafudhi ya huko ambapo pole huwa bole, "bole na safari. Kunywa chai kwanza."

Chai ya Namba Saba ni ya maziwa ya ngamia, sukari nyingi na iliki, na ilikuja kwa themosi mara tatu kabla ya saa sita. Nilikunywa nimesimama. Mabomba yalikuwa thelathini na manne. Kila klempu ya pili ni boliti nne za kukaza na nne za kulegeza, dakika tano au sita kwa kila bomba. Nikazidisha kichwani, nikaona ni saa tatu nzima. Nikaiweka klempu ya pili mchangani.

Nataka mwelewe kwamba hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimeifundisha sheria ile kwa vijana zaidi ya ishirini, baadhi yenu mmo, na nilimrudisha mmoja nyumbani kwa kuikiuka.

Bomba la ishirini lilikuwa tayari limelala chini. Boliti moja ya klempu iliyobaki ikateleza, kitu kidogo, sauti kama ya kijiko kugonga sufuria. Kisha mabomba yote yaliyosalia, kumi na manne pamoja na pampu, yakateleza mbele ya macho yangu na kuingia kisimani. Ulisikika mngurumo wa muda mrefu kutoka chini. Wanaume walisimama na cheni mikononi. Mzee Dekow akaniangalia.

"Uzi wa boliti ulikuwa umechakaa," nikasema.

Ilikuwa kweli. Lakini nusu.

"Bole, Eddo Injinia," akasema Mzee Dekow. Eddo ni shangazi, na huko ni jina la heshima. Sikustahili lolote kati ya yale mawili saa ile.

Kitu kikianguka kisimani, kinavuliwa. Kuna chombo chake, chuma kirefu chenye ncha nyembamba iliyokatwa mikato kama ya skrubu. Unakishusha kwa mabomba hadi kiingie mdomo wa bomba lililoanguka, unakizungusha kiliume bomba, kisha unavuta. Chombo chetu kilikuwa Diff, kwenye mpaka wa Somalia, kimeazimwa. Bishar akaondoka na lori saa ile ile. Kwenda na kurudi kungechukua siku mbili.

Mzee Dekow akafunga tangi kwa kufuli. Maji yaliyobaki humo yalikuwa ya watu tu, jerikeni moja kwa kila nyumba kwa siku, na mifugo hakuna. Ebla alisikiliza tangazo hilo, akainuka, akaenda kuwasogeza ng'ombe wake kivulini.

Nilipanda ngazi ya mnara wa tangi, mahali pekee penye mtandao, nikampigia mama.

"Sitafika," nikamwambia.

"Kwani hao watu hawana mafundi wao?"

"Mimi ndiye fundi wao, mama."

Akasema basi atawapa majirani chapati zangu.

Jioni hiyo wazee walikaa nami nje ya nyumba ya Ebla, ambako nilipewa kitanda. Kwa kuwa nilikuwa na huzuni na wao ni watu wa adabu, wakaniuliza habari za kwetu. Mzee Dekow alitaka kujua kama nina sikukuu, maana alisikia redioni.

"Ndiyo. Krismasi. Siku moja baada ya keshokutwa."

"Hiyo ni Idd yenu ya kuzaliwa Nabi Isa. Mnafanya nini?"

Nikamwambia: tunakwenda kusali, tunavaa nguo mpya, tunachinja, tunatembeleana, watoto wanakula hadi wanaumwa tumbo.

"Kama sisi tu," akasema, akitazama wenzake, nao wakaitikia kwa vichwa.

"Na miti?" akauliza Ebla kutoka mlangoni. "Mimi naona kwa simu ya mtoto yangu. Watu ya Kenya wanaweka mti ndani ya nyumba."

"Wengine wanaweka."

"Mbuzi haikuli?"

Nilicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Tuliongea hadi isha, kila mtu akiuliza, nami nikauliza yangu, tukalala tukiwa tumejuana vizuri. Au ndivyo nilivyodhani.

Asubuhi chai haikuja. Saa nne haikuja. Saa sita wanaume waliokuwa wamekaa nyuma ya tangi na vikombe waliniona nakuja, wakainuka wote na kwenda upande wa pili. Mtoto wa kike aliyekuwa akitafuna kitu alinipa mgongo na kukimbia. Mlio na uzoefu wa kaskazini mnajua maana yake. Kule unaweza kukosana na mtu mahakamani na bado akakupa chai. Chai ikikatika, umekwisha.

Nikajua kwamba wamejua. Mmoja ameiona klempu mchangani, ameuliza, ameelezwa kazi yake. Nilikwenda kuitafuta, nikaikuta pale pale nilipoiweka, nikaifukia kwa mguu kama mtoto aliyevunja kikombe. Naona aibu hata kuandika.

Kwa kuwa sikuwa na pa kupeleka mikono, nilifanya kazi. Nilitaka kujua mdomo wa bomba umekaaje huko chini, maana ukiegemea ukuta, chombo kitapita kando siku nzima. Nikachukua mche wa sabuni ya kufulia, nikaufunga chini ya uzito wa chuma, nikaushusha kwa kamba mpaka ukagonga, nikaupandisha. Sabuni ilikuwa na alama ya mwezi mwembamba upande mmoja. Bomba lilikuwa limeegemea. Vijana, hii ndiyo picha bora ya chini ya kisima niliyowahi kupiga, na gharama yake ni mche wa sabuni. Nilikunja kipande cha bati cha kuongoza chombo kuelekea upande ule, na kwa saa mbili nilisahau kwamba nimechukiwa.

Jua lilipozama, dakika ile ile ya adhana, Ebla alitokea na sahani: tende, kikombe cha maji, maziwa, na anjera ya moto, ule mkate mwembamba wa Kisomali. Akaketi mbele yangu. Nilipotia tende ya kwanza mdomoni aliachia pumzi kama aliyetua mzigo. Nilikula kila kitu, nilikuwa na njaa ya kutosha kula na sahani. Usiku nikageukageuka kitandani. Watu gani hawa wanaokununia mchana na kukulisha tende jioni?

Tarehe ishirini na nne ikawa vile vile, chai hakuna. Adhuhuri sikuweza tena, si njaa, ni kutojua. Nikazunguka nyuma ya nyumba nimtafute Ebla nimuulize uso kwa uso. Nilimkuta amechuchumaa kati ya ukuta na kuni, kikombe mkononi. Aliponiona alikitia chini ya shuka yake, chai ikamwagikia kwenye goti, na hakupiga hata kelele.

"Chai hiyo ni ya wizi?" nikamuuliza.

"Astaghfirullah. Nisamehe, abaayo. Wewe umefunga, na mimi nakunywa mbele yako."

"Nimefunga?"

"Si Idd ni kesho? Mzee Dekow ameambia watu yote: Eddo iko na saumu, mtu asikule mbele yake. Watoto pia. Mimi najaribu, wallahi. Lakini bila chai kichwa inauma."

Kwao Idd haiji yenyewe. Idd inaletwa na kufunga. Nilikuwa nimewaambia tunachinja, tunavaa, tunatembeleana kama wao, na wao, kwa akili iliyo sawa kabisa, wakajazia lile nililosahau kusema. Kijiji kizima kilikuwa kinakula kwa kujificha, kwa siku mbili, kwa heshima ya mfungo wa mgeni ambaye hakuwa amefunga.

Nilifungua mdomo nimweleze. Kisha nikalitazama lile goti lenye chai ya moto, na nyuma yake ng'ombe tisa ambao walikuwa hawajanywa. Nikafunga mdomo. Na kuanzia pale nikafunga kweli, kwa nia, hadi magharibi. Ni saa chache tu, lakini ndiyo saumu pekee niliyowahi kuifunga.

Bishar aliwasili alasiri na chombo. Tulijaribu mara tatu kabla ya giza. Mara tatu kikagusa, kikateleza. Ng'ombe mmoja wa Ebla alikuwa amelala chini na hakutaka kuinuka.

Alfajiri ya Krismasi nilisikia sauti ya maji mlangoni. Ebla alikuwa ameweka jerikeni la lita ishirini, limejaa hadi shingoni, na juu yake kopo.

"Idd mubarak, abaayo. Maji yako ya kuoga."

Lilikuwa jerikeni la nyumba yake la siku ile. Lote. La kunywa, la kupika, la kutawadha.

"Mpe ng'ombe," nikamwambia.

"Hapana. Mtu hawezi kuingia Idd na mchanga kwa mwili."

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote, mlangoni, nikiwa nimevaa kanga. Nikamweleza kuhusu klempu ya pili, tiketi, chapati za mama, jinsi nilivyozihesabu zile saa tatu na kuona ni bora nifike nyumbani. Nikamwambia boliti ilichakaa, lakini pampu yako niliiangusha mimi. Ng'ombe wako wamelala pale kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kusherehekea.

Alisikiliza hadi mwisho. Aligeuka akatazama upande wa mabirika kwa muda, nami nikangoja anipige au aite watu. Ningemwona ana haki.

"Ng'ombe haina Idd," akasema. "Wewe iko na Idd. Oga."

Akatangulia, akasimama mlangoni mwa uzio wa kuogea, amenipa mgongo, ili mtu asikaribie. Nilijaribu kubakisha nusu. Alisikia kopo limenyamaza mapema.

"Bado ni mingi," akasema bila kugeuka.

Nikaoga yote. Nililia humo ndani, na maji yalisaidia kuficha.

Saa mbili asubuhi chombo kikauma. Nilikisikia kwa sikio kabla ya kukiona kwa cheni: bomba lilibadilisha sauti. Tukavuta, wanaume kumi na wawili, na kila bomba nilifunga klempu mbili, ya pili nimeifukua mbele ya watu wote na kuwaeleza ni ya nini na kwa nini haikuwepo. Mzee Dekow alinisikiliza, akasema, "Haye," yaani sawa, akaendelea kuvuta. Saa saba mabomba yote yalikuwa juu. Tukashusha pampu mpya, bomba kwa bomba. Karibu na magharibi jenereta ikawaka, na maji yakaja, kwanza mekundu, halafu meupe.

Ng'ombe wanane walikunywa. Wa tisa tulimpelekea maji kwa karai pale alipolala. Ebla alimlowesha midomo, akamwinua kichwa, akamwongelesha kwa Kisomali. Maji yaliingia upande mmoja yakatoka upande mwingine. Akampapasa shingo, akamwita Mzee Dekow. Wakamwelekeza kibla, wakamchinja kabla hajafa.

Nyama ilipoiva, Ebla akaja na sahani. Ini, na nyama ya mgongo juu ya wali, sahani ya kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Akaketi mbele yangu.

"Kula. Idd yako inaisha."

Nilikula. Kila tonge nililijua limetoka wapi na kwa nini liko mkononi mwangu. Hakuondoa macho kwangu hadi sahani ikawa nyeupe.

Mnanijua, swali likiniingia halitoki. Nilikaa nalo mwaka mzima. Ile nyama ilikuwa karamu, au ilikuwa hukumu? Alitaka kunifurahisha, au alitaka niitafune haraka yangu mwenyewe mpaka imalizike? Nilimuuliza Bishar, akasema nawaza sana. Nilimuuliza mama, akasema nimletee huyo mwanamke nyumbani.

Novemba iliyofuata niliandika zamu kwa mkono wangu na kujipangia Namba Saba, ukaguzi wa kawaida, hakukuwa na kilichoharibika. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilimkuta Ebla akikamua. Hakuacha kukamua. Nikakaa juu ya jiwe, nikamuuliza moja kwa moja kama nilivyowaandikia hapa: abaayo, ile nyama ulinipa kwa moyo gani?

Aligeuka akanitazama kwa mshangao wa kweli, mkono bado kwenye chuchu ya ng'ombe.

"Ng'ombe ilikuwa inakufa," akasema. "Wewe ulikuwa na njaa. Swali iko wapi?"